Kununua Gari kwa Mtani

Swali la kwanza nililomuuliza mwenye gari lilihusu betri, naye akanijibu kwamba betri ilikufa mwezi uliopita na wameshaizika nyuma ya nyumba.

"Tulikosa sanda tu," aliongeza. "Tukaifunga na gunia."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya gari, simu mkononi, nikisubiri jibu la kweli. Halikuja. Nikauliza kama gari limewahi kugongwa. Akasema limegongwa mara nyingi na ng'ombe wa Wagogo, kwa kuwa Mgogo humwonyesha ng'ombe barabara kabla ya kumwonyesha mtoto wake shule. Nikauliza kwa nini analiuza. Akasema anatukimbia sisi. Serikali imemwonea huruma, imemhamisha.

Hapo nikaanza kuuona ukubwa wa shida yangu. Yeye ni Mnyamwezi, sisi ni Wagogo, na makabila haya mawili ni watani tangu enzi za misafara, babu zake walipokuwa wakipita kwetu na mizigo kichwani na babu zetu wakiwadai ushuru wa maji ya visima. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukunyang'anya kofia, hata kuja msibani kwako na kumcheka marehemu, nawe hutakiwi kukasirika. Yote hayo nayajua na nayapenda. Lakini hakuna aliyewahi kunifundisha namna ya kununua gari lililotumika kwa mtu ambaye mila inampa haki ya kutokujibu swali lako.

Mama hakuona shida yoyote. Yeye ni mwalimu, mtoto wa mwisho wa yule bwana alisoma kwenye darasa lake, na kwa miaka yote hiyo wawili hao hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana.

"Mtani hawezi kukudhulumu," aliniambia tukiwa kwenye bajaji, tunatoka kwa yule bwana, mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma mjini, kurudi nyumbani mtaa wa Ipagala.

"Kwa nini hawezi?"

"Kwa sababu ni mtani."

"Hiyo si sababu, mama."

"Basi wewe uliyesoma, tafuta sababu."

Kweli mimi ndiye niliyesoma. Nilikuwa nimemaliza shahada ya takwimu na nilikuwa nyumbani nikituma maombi ya kazi. Kitu chochote chenye skrini kikiingia katika familia yetu, kinaletwa kwangu kama mgonjwa. Kwa hiyo gari la umeme lilikuwa langu kulikagua, na neno la mwisho, tununue au tusinunue, mama alishasema litatoka kwangu. Sijui kama alijua anachokifanya. Mimi ni mtu ambaye nikifunga mlango narudi kuusukuma, halafu narudi tena kuhakikisha kwamba sikuufungua nilipousukuma.

Na safari hii kulikuwa na sababu ya kuhangaika. Gari lile tulilitafuta kwa ajili ya bibi, mama yake mama. Bibi anaishi kijijini, upande wa Bahi, ndani kidogo ukiacha lami, katika nyumba aliyojengewa na wanawe. Macho yake yana presha. Daktari alisema ni lazima aonekane kliniki ya mjini kila mwezi, la sivyo mwanga mdogo uliobaki utaondoka na hautarudi. Bibi alikubali kliniki kwa sharti moja tu: atalala kwake. Asubuhi aende, jioni arudi.

"Nikilala mjini siku moja, mtaniomba nilale mbili," alisema. "Siku ya tatu nitasikia kuku wangu wamegawanywa."

Alikwenda kwa basi miezi kadhaa, mama akimshika mkono, hadi siku alipokosea ngazi ya basi akaanguka. Wajomba wakakaa kikao. Wakasema sasa basi, mama yetu ahamie mjini, nyumba ifungwe. Mama yangu akawaomba wampe nafasi atafute gari. Likipatikana la kumpeleka na kumrudisha, bibi abaki kwake. Lisipopatikana, ahamishwe kabla ya mvua kuanza. Wajomba wakakubali, kwa shingo upande.

Mama alilipenda lile gari kwa sababu halinywi mafuta, lina viti vya nyuma vipana, na mlango wake uko chini. Bibi angeingia bila kupanda ngazi. Mimi kila nikifumba macho niliona picha moja: gari limezima katikati ya pori, bibi amekaa nyuma, haoni tulipo, ananiuliza kwa upole, "Tumefika?" Na aliyesema gari hili ni zima ni mimi.

Gari la mafuta unamwita fundi, anasikiliza injini, ananusa moshi, anachomoa kijiti cha oili. La umeme halina cha kusikiliza. Nilikagua nilichoweza. Niliingia chini yake kwa kanga kuukuu ya mama nikatafuta kutu na mahali palipochomelewa. Niliangalia kama matairi yameliwa sawasawa pande zote. Nilichungulia tundu la kuchajia kuona kama lina alama za kuungua. Yote yalikuwa sawa, lakini yote hayo ni nguo tu. Mwili wenyewe ni betri, na betri huzeeka kimya kimya. Kwenye dashibodi kuna vipau vidogo vinavyoonyesha afya yake. Vilikuwa vimepungua kiasi, kama inavyotarajiwa kwa gari la umri ule. Ila nilikuwa nimesoma mtandaoni kwamba wapo wajanja wanaojua kuvirudisha vionekane vimejaa, halafu baada ya wiki chache vinaporomoka vyenyewe. Nikaazima kwa rafiki kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, ambacho huisoma betri na kuleta majibu kwenye simu. Kikakubaliana na vipau. Nilifurahi kwa muda wa kutosha kumaliza kikombe cha chai. Halafu nikawaza: anayeweza kudanganya vipau, atashindwa kudanganya kifaa?

Nikabaki na njia moja tu. Tuliendeshe hadi kwa bibi, tuone.

Nilitegemea mwenye gari atakataa, na nilikuwa nimeshajiandaa kuchukulia kukataa kwake kama ushahidi. Badala yake alisema, "Jumamosi. Ila mimi nakaa mbele. Mgogo akikaa mbele anahesabu mbuzi wa watu njia nzima."

Jumamosi asubuhi alilileta Ipagala likiwa limejaa. Nilimpa shikamoo. Akasema shikamoo ya Mgogo haipokelewi bila mbuzi, akahamia kiti cha kushoto, mama akaingia nyuma na mifuko yake ya sukari na sabuni, nami nikashika usukani. Ulikuwa msimu wa upepo, ile baridi ya Dodoma inayokufanya uvae koti huku jua linakuchoma. Gari lilitoka kimya. Tulipita Nala, nikaiangalia namba ya betri. Nikaangalia barabara, nikaiangalia tena namba.

"Kijana," alisema mtani, "ukiendelea kuliangalia hivyo litaona aibu."

"Nahesabu linavyotumia."

"Hesabu na hii: ukitugonga kwenye lori, litakuwa limetumia kidogo sana."

Namba ilishuka polepole kuliko nilivyoogopa. Sehemu nyingine haikushuka kabisa. Ukiachia kanyagio, mshale wa kijani unawaka, gari linajirudishia umeme. Mara ya kwanza nilishangilia. Mara ya tatu nikaanza kutoa jasho. Mshale ule huwaka gari linapoteremka, na ulikuwa unawaka mara kwa mara. Sisi watu wa Dodoma tunaamini kwetu ni tambarare. Tumekua tukiambiwa hivyo, na ukiwa ndani ya basi huoni tofauti. Gari la umeme linaona. Kutoka mjini hadi Bahi nchi yote inashuka, kidogo kidogo, halafu kwa mkupuo, mpaka chini kwenye majaruba ya mpunga. Nilipoacha lami na kupunguza mwendo, niliona jambo jingine: vumbi letu wenyewe lilitupita, likatangulia mbele. Upepo ulikuwa unatoka mashariki, nyuma yetu, na ulikuwa umetusukuma njia nzima.

Tulifika kwa bibi betri ikiwa nusu.

"Nusu kuja, nusu kurudi," alisema mama kwa furaha. "Hesabu imekaa."

Mtani akaiangalia namba ya betri, akaniangalia mimi. Macho yake yalinitisha kuliko maneno yake yote.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, anapepeta uwele. Hakugeuka mpaka aliposikia mlango wa gari unafungwa.

"Mbukwenyi!" alitusalimia kwa Kigogo. Kisha, "Mmekuja kwa miguu? Sijasikia gari."

"Tumekuja kwa gari, bibi. Halina sauti. Shikamoo."

"Marahaba, mume wangu. Gari lisilo na sauti ni la mwizi. Na mbona sauti yako imekonda? Huyo mke wa mjini hakulishi?"

"Sina mke wa mjini, bibi."

"Ndiyo maana."

Mtani alikwenda mbele, akainama. "Shikamoo, bibi. Mimi ndiye mwenye gari. Kwetu Tabora."

Mikono ya bibi ilisimama juu ya ungo. "Tabora ya wapi? Mnyamwezi?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwenye ua wangu?"

"Ndimo nilimo, bibi. Na ua wenyewe mdogo."

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukifunguka vile. Bibi aliweka ungo chini, akanyoosha mkono. "Hebu nishike, baba, ninyanyuke. Macho yangu mabaya." Mtani akampa mkono. Katika mkono ule ulikuwamo ufunguo wa gari, niliokuwa nimemrudishia dakika ile. Bibi alisimama bila msaada wowote, akaupokonya ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili.

"Bibi! Huo ni ufunguo wa gari!"

"Babu yako alipita hapa na pembe za ndovu, akanywa maji yetu, hakuacha hata kucha. Wewe utaacha."

"Mwalimu, mwambie mama yako."

"Mimi sijaona kitu," alisema mama, akaingia ndani na sukari yake.

"Utaukomboa kwa kula," bibi alimwambia. "Nikiridhika ulivyokula, nitafikiri."

Niliwaacha wakizozana. Kwangu ilikuwa nafuu. Kuchaji hakuhitaji ufunguo, na kama hatuondoki, gari lichaji. Nikatoa waya kwenye buti, nikaupitisha dirishani hadi kwenye soketi ya sebuleni kwa bibi, nikaangalia kiboksi cha chaja kilicho kwenye waya huo. Taa nyekundu. Nikachomoa, nikachomeka. Nyekundu. Nikajaribu soketi ya chumbani. Nyekundu, tena inapepesa. Nikapangusa ncha za plagi kwa shati. Kichwani nilishafika mbali: chaja mbovu, tundu bovu, betri inakataa chakula kama mgonjwa wa siku za mwisho, na nusu iliyobaki haitapanda ule mwinuko. Mama angerudi vipi kazini? Wajomba wangesema nini?

Mtani alitokea pembeni akiwa bado anacheka jambo aliloambiwa na bibi. Aliuona uso wangu, akaacha kucheka.

"Nyekundu?"

"Nyekundu."

Alizunguka nyuma ya nyumba, penye mita, akainama. Hapo chini kulikuwa na nondo nyembamba ya shaba iliyochomekwa ardhini, waya umefungwa kichwani. Ardhi kuizunguka ilikuwa imepasuka, ukiweza kuingiza kidole. Aliigonga kwa kisigino, akaniita.

"Hii ndiyo inayopeleka umeme wa hatari chini. Chaja ikiona njia ya kwenda chini ni mbaya, inagoma. Haina kosa, inakulinda. Udongo mkavu haupitishi. Kiangazi cha kwanza Kikuyu nilihangaika wiki nzima, nikadhani nimeuziwa kopo." Akapaza sauti: "Bibi! Naomba maji, ndoo moja!"

"Ya nini?"

"Gari lina kiu!"

"Si mlisema halinywi?"

"Halinywi mafuta. Maji linakunywa, likifika kwa Wagogo tu!"

Bibi alitoa maji aliyokuwa ameoshea vyombo. Ya kunywa alikataa. Mtani aliyamimina taratibu kwenye nondo, akasubiri udongo uyanyonye, akamimina tena. Nikarudi sebuleni nikachomeka. Kiboksi kilifikiri kidogo. Taa ikageuka kijani, na huko nje gari likatoa mlio mdogo.

Niligundua kwamba alikuwa amesema sentensi tano au sita mfululizo bila utani. Nikaona nisipoteze nafasi.

"Mzee, na ile betri, kweli—"

"Tumeizika," alisema, akaenda kula.

Tulikula mkekani, ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando. Njiani mtani alikuwa amesema Wagogo wanakula utelezi kwa sababu hawana meno. Sasa bibi alimkalia ubavuni, akihesabu matonge yake kwa masikio.

"Huyo amemeza au anazungusha mdomoni?"

"Amemeza, mama," alisema mama.

"Mwongezee."

Akaongezewa. Alipomaliza sahani ya pili aliliinamisha bakuli la mlenda akalikomba kwa kidole, akidhani hatumwoni. Hata bibi, nadhani, alimwona.

Maji ya kunawa yalipopita, bibi alipiga mkeka mara moja kwa kiganja.

"Mtani. Sasa utani naukalia hapa chini. Nikuulize."

Yule bwana alijiweka sawa. Alikunja miguu vizuri, akashusha mikono ya shati iliyokuwa imekunjwa. Nilimwona kwa mara ya kwanza kama watu wa ofisini kwake wanavyomwona.

"Niulize, mama yangu."

"Hawa wanataka kununua hiki kitu kwa ajili yangu. Kisiponifaa, nafungiwa nyumba yangu, napelekwa kukaa kwenye kochi. Kitanipeleka hospitali na kunirudisha hapa?"

"Gari ni zima, mama. Halijagongwa, halijazama kwenye maji. Betri imechoka, kama mimi. Lilipokuja lilikwenda mbali kuliko leo. Kila mwaka linapungua kidogo, na mkilinunua litaendelea kupungua. Asubuhi hii limetufikisha kwa nusu kwa sababu tumeshuka na upepo umetusukuma. Kupanda na upepo usoni, na wewe ndani, na magunia utakayotufungashia, nusu haitoshi. Mngefika Nala mkaziona taa za mji, mkalala hapo. Likichajiwa hapa mchana wote, linafika. Na siku ya tope msililete huku ndani, liko chini mno. Liacheni kwenye lami."

"Siku ya tope hata basi linabaki lami," alisema bibi. "Na haya ungewaambia lini?"

"Kabla ya kupokea hela yao. Nilitaka kwanza huyu kijana alione mwenyewe, maana mimi haniamini."

Nilihisi masikio yangu yakipata moto. Lakini kichwa kilikuwa kimeshaondoka peke yake, hesabu inajipanga bila kuombwa, nikaisema kwa sauti. Siku ya kliniki gari litoke mjini kuja kumchukua bibi, limpeleke mjini, limrudishe jioni, halafu lirudi tena mjini. Hizo ni safari nne, mbili za kupanda, na kila ya kupanda inataka gari lililochajiwa kwa saa nyingi. Kwa siku moja haiwezekani. Kwenda asubuhi na kurudi jioni, kama alivyotaka bibi, gari hili halifai.

Mama aliangalia mikono yake. Kuku mmoja aliingia, akatembea katikati ya mkeka, hakuna aliyemfukuza. Nilikuwa nimesema neno la mwisho, lile nililopewa kazi ya kulisema, na nilikuwa na uhakika nalo, na sikuwahi kuchukia kuwa na uhakika kama siku ile.

"Kwani," aliuliza bibi, "likilala hapa usiku, linashiba?"

"Linashiba kabisa," alisema mtani.

"Na likikaa kwenu Ipagala wakati mimi niko kwa daktari?"

"Linashiba la kutosha kushuka."

"Basi shida iko wapi?" Aligeuza uso kuelekea niliko. "Wewe unakuja jioni ya kabla. Unalala. Asubuhi tunakwenda, jioni unanirudisha, unalala tena. Kesho yake unaondoka."

"Lakini bibi, ulisema..."

"Nilikataa kulala kwenu. Nilikataa ninyi mlale kwangu? Mnakuja hapa kila mara na gari la kuazima, ufunguo mkononi, 'bibi tunawahi, bibi tunawahi'. Chai yangu inapoa mnaiangalia."

Mama alianza kucheka taratibu, bila kuinua kichwa.

Mimi, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikauliza itakuwaje umeme ukikatika usiku ule.

"Utalala usiku wa pili."

"Na nikipata kazi?"

"Ukipata kazi utanunua gari lako, lenye kelele, tukusikie. Mpaka hapo wewe ni dereva wangu."

Akafungua pindo la kanga. Fundo la kwanza lilimsumbua, akalitumia jino. Mtani akanyoosha mkono kupokea ufunguo wake. Bibi aliusikia ule mkono ukija, akaupiga kofi.

"Utani nimeuinukia. Huu harudishiwi Mnyamwezi. Mume wangu, chukua."

"Bibi, hawajanilipa!"

"Mtamalizana njiani. Umekula sahani mbili, unadai nini tena?"

Nilikaa na ufunguo mkononi. Niliutazama uso wa mtani, nikitafuta kama amechukia, maana hata hilo nilikuwa na wasiwasi nalo. Alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa shati lake la ofisini. "Nimeibiwa," alisema. "Mchana kweupe. Na kipofu."

"Naona kidogo," alisema bibi. "Nimeona unavyokomba bakuli."

Tuliondoka jua likiwa limelegea, gari likiwa karibu limejaa, na nyuma kukiwa na mchele wa Bahi, maboga, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye bibi alisema ni wa mtani, asije akaenda kutangaza Tabora kwamba amefukuzwa mikono mitupu. Namba ilishuka haraka kama alivyosema. Upepo ulitugonga usoni, na kwenye miinuko niliona umeme ukiondoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Ila sikuwa na hofu ile ya asubuhi. Ilikuwa inashuka kama nilivyoambiwa itashuka, na jambo linalokwenda kama ulivyoambiwa naweza kuishi nalo. Tuliingia Ipagala na akiba ndogo. Mama alilala njia nzima, jogoo kapakata.

Wajomba walisikiliza mpango wa bibi kwenye simu. Mkubwa wao alisema mama yetu ametushinda tena, nasi tukakubali kwamba ndivyo.

Kliniki ya kwanza ilikuwa mwezi uliofuata, mtani akiwa ameshalipwa hela yake. Nilifika jioni ya kabla, nikamwagia maji ile nondo kabla hata ya kumsalimia, nikachaji usiku kucha. Niliamka mara kadhaa kuangalia kama taa bado ni kijani. Bibi naye aliniita kutoka chumbani kwake kuuliza kama limeshiba. Asubuhi alikaa kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, akaniuliza tuko wapi kila tulipopita kijiji, nami nikamtajia. Daktari alisema presha imetulia. Mama alikuwa amenunua kwa simu umeme wa luku ya bibi, ile mita ya kulipia kabla, kimya kimya, kwa kuwa bibi alikataa mgeni kulipia alichokula kwake.

Tulirudi kabla ya jua kuzama. Nilipozima gari, bibi alifungua mlango mwenyewe, akateremsha mguu mmoja, ukagusa chini bila kutafuta. Alikwenda hadi mlangoni bila kushika kitu, akapapasa kufuli, akalifungua. Jirani alimwita kutoka ng'ambo ya ua, akamwuliza amerudi lini.

"Sikuondoka," alijibu bibi. "Nilikwenda mjini nikarudi." Halafu akaniambia mimi, nikiwa bado nahangaika na waya dirishani: "Acha hicho kwanza, mume wangu. Kaa. Leo huwahi popote."